Christiaan Barnard: Daktari wa moyo aliyetetea haki ya mgonjwa kufa

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Afrika Kusini, moyo wa mtu mmoja ulianza kupiga ndani ya kifua cha mtu mwingine. Ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kwa binadamu duniani, na daktari aliyeuongoza, Christiaan Barnard, alipata umaarufu kila pembe ya dunia.

Barnard alizaliwa tarehe 8 Novemba 1922 huko Beaufort West, mji mdogo katika nyika kame ya Karoo. Babake alikuwa mchungaji, na ndugu yake mmoja alifariki angali mtoto kwa maradhi ya moyo. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha akajifunza upasuaji wa moyo huko Minnesota, Marekani.

Mgonjwa wake wa kwanza, Louis Washkansky, aliishi siku 18 tu kabla ya kuuawa na nimonia. Wa pili, Philip Blaiberg, aliishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Upasuaji huo uliwalazimisha madaktari na wanasheria kujiuliza ni lini hasa mtu huhesabiwa amekufa, kwani moyo uliotolewa ulitoka kwa msichana aliyegongwa na gari, ambaye ubongo wake haukuwa na matumaini ya kupona.

Swali hilo lilizaa jingine zito zaidi. Mwaka 1980 Barnard alichapisha kitabu kilichotetea haki ya mgonjwa asiye na tiba kusaidiwa kufa. Kwake, kazi ya tabibu haikuwa kurefusha uhai kwa gharama yoyote, bali kupunguza mateso na kulinda ubora wa maisha. Pale maisha yanapobaki maumivu matupu, kuyarefusha ni ukatili.

Hoja hiyo haikuwa ya nadharia tu nchini mwake. Mwaka 1975 mahakama ya Cape ilimtia hatiani kwa mauaji daktari aliyemdunga babake mzee, mgonjwa wa saratani aliyekuwa mahututi, dawa ya kukatisha uhai. Adhabu ilikuwa kifungo cha mwaka mmoja, lakini karibu chote kiliahirishwa. Sheria ilisema ni mauaji. Hukumu ilionyesha huruma.

Wapinzani wana hoja nzito. Wanasema uhai ni amana ya Mungu, na kwamba daktari aliyeapa kuponya akipewa ruhusa ya kuua, mgonjwa hatamwamini tena. Wanahofia pia kwamba maskini na wazee watajiona mzigo na kuchagua kifo wasichokitaka.

Barnard aliacha upasuaji mwaka 1983, mikono yake ikiwa imedhoofishwa na baridi yabisi, akafariki tarehe 2 Septemba 2001 huko Paphos, Cyprus. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Pretoria ilimkubalia mgonjwa wa saratani asaidiwe kufa, lakini alikuwa amekwisha kufariki saa chache kabla, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Askofu Mkuu Desmond Tutu naye aliunga mkono haki hiyo katika uzee wake. Hata hivyo, nchini Afrika Kusini daktari anayemsaidia mgonjwa kufa bado anaweza kushtakiwa kwa mauaji.