Bibi Thackeray wa Mbweni na Kazi ya Sindano

Akina mama wa mitaa yetu ya Dodoma wanaokutana alasiri kufuma masweta ya watoto na kushona vitambaa vya meza wamezoea kusikia kwamba hiyo ni kazi ya wale walioshindwa na shule. Kwa hiyo tumeona vema kuwaleteeni habari za marehemu Bibi Caroline Thackeray. Wasichana wake nao walishika sindano, ila kwao jambo hilo lilikuwa na uzito mwingine.

Bibi Thackeray alikuwa Mwingereza, wa ukoo mmoja na William Makepeace Thackeray, yule mwandishi wa riwaya. Alifika Unguja mwaka 1877, akitumwa na misheni ya UMCA, akakabidhiwa shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria huko Mbweni, kusini ya mji. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe ilikuwa haijafa. Madau yalizidi kupita kwa siri, na manowari za Kiingereza zilipoyakamata, watoto waliokutwa ndani walipelekwa kwenye misheni. Wasichana wengi waliletwa Mbweni.

Hapa tusimame kidogo tutazame jambo la nguo. Watoto wengi wa Mbweni walitoka pande za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Lakini njia nyingine kubwa ya misafara, ile ya Ujiji na Tabora, ilipita hapa hapa Ugogo na Mpwapwa kabla ya kuteremka Bagamoyo. Wazee wetu waliitoza misafara hiyo hongo, na hongo ililipwa kwa nguo, yaani merikani na kaniki. Nguo ilikuwa ndiyo fedha. Kwa nguo mtu alinunua nafaka na pembe za ndovu, na kwa nguo hiyo hiyo alinunua binadamu mwenzake. Naye aliyenunuliwa alifungwa kiunoni kipande cha merikani kilichochakaa, na kila aliyemwona alijua ni mtumwa.

Basi mtoto wa namna hiyo akipewa kitambaa kipya, sindano na uzi, akafundishwa kukata, kupiga pindo na kushona vazi lake mwenyewe, tusiseme kwamba amefundishwa jambo dogo. Kile kilichokuwa bei yake sasa ni mali yake. Wanawake wa mjini walioacha utumwa nao walilijua jambo hili bila kufundishwa na misheni. Katika miaka hiyo kanga zilipoanza kuenea Unguja, walizikimbilia, wakaitupa kaniki.

Shuleni wasichana walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, jiografia, Maandiko Matakatifu na kushona. (Masweta hawakuyahitaji, bila shaka, Unguja haina baridi kama yetu ya Julai!) Waliofaulu vizuri walifanywa walimu. Wengine waliolewa na walimu na wainjilisti, wakaenda kuishi nao katika misheni za bara.

Lakini si yote tunayoweza kuyasifu. Wasichana ambao vitabu viliwawia vigumu walitengwa katika upande wa kazi za mikono, wakajifunza kushona, kufua, kupika na kusuka vikapu. Ufundi huo uliwapatia riziki, hatukatai. Hata hivyo, kwa kuwagawa hivyo, sindano iliyokuwa ya wote ikaanza kuonekana kama fungu la wasio na akili. Sisi tunaona kwamba hilo lilikuwa kosa, na dharau tuliyoitaja mwanzoni ni ya namna ile ile. Mama anayehesabu mishono ya sweta, akijua apunguze wapi kwa ajili ya kwapa na shingo, anafanya hesabu kama karani yeyote.

Bibi Thackeray aliongoza shule hiyo kwa miaka 25. Alimzika Askofu Steere mwaka 1882, na mwaka 1897 akashuhudia sheria ya Unguja ikiacha kuutambua utumwa. Alipostaafu mwaka 1902, wengi wa nchi yake wangepanda meli kurudi kwao. Yeye alibaki Mbweni, jirani ya wale aliowalea, ambao sasa walikuwa akina mama na bibi wenye wajukuu. Akaishi hapo miaka mingine 24.

Alifariki mwaka 1926, akazikwa pale pale, katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Yohana. Shule imebaki magofu karibu na bahari. Msomaji atakayejaliwa kufika Unguja asiishie kutazama Kanisa Kuu la Mkunazini tu. Mbweni si mbali na mjini.