Elwood Haynes

Elwood Haynes (Portland, Indiana, 14 Oktoba 1857 – Kokomo, Indiana, 13 Aprili 1925) alikuwa mvumbuzi, mwalimu na mwenye viwanda kutoka nchini Marekani. Anajulikana kwa motokaa zake za mwanzo, lakini kazi yake iliyodumu zaidi ni aloi za kobalti na kromi. Aloi za jamii hiyo hutumika hadi leo kutengenezea fremu za meno bandia.

Maisha

Haynes alisoma katika taasisi ya ufundi ya Worcester, Massachusetts, akahitimu mwaka 1881. Tasnifu yake ilihusu athari ya tungsteni katika chuma na feleji. Alirudi Portland kufundisha, kisha akasimamia kampuni ya gesi asilia. Tarehe 4 Julai 1894 aliendesha motokaa yake ya kwanza huko Kokomo, na baadaye akaunda kampuni ya magari pamoja na ndugu Elmer na Edgar Apperson.

Aloi

Haynes alitafuta metali ngumu isiyoshika kutu. Husimuliwa kwamba mkewe, Bertha, alitaka visu na vijiko visivyopoteza mng'ao. Mwaka 1907 alipata hataza ya aloi za kobalti na kromi, na za nikeli na kromi. Baadaye aliongeza tungsteni au molibdeni ili kuzifanya ngumu zaidi. Aliziita Stellite, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya nyota. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia zilitumika sana katika zana za kukatia chuma.

Alishughulikia pia chuma cha pua, sawa na Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza. Baada ya mvutano juu ya hataza, haki za pande zote mbili ziliunganishwa katika kampuni moja.

Matumizi katika meno

Haynes hakuishi kuona aloi hizo zikienea katika utabibu wa meno. Katika miaka ya 1930 aloi ya kobalti, kromi na molibdeni iitwayo Vitallium ilianza kutumika kwa meno bandia, ikiwa nafuu kuliko dhahabu.

Siri yake ni kromi. Ikikutana na oksijeni hufanya utando mwembamba sana unaozuia mate na asidi za chakula kuila metali. Hata hivyo, aloi ile ile huweza kutofautiana kulingana na ilivyotengenezwa. Ikimiminwa katika kalibu hupoa polepole, kromi husambaa bila usawa na vitundu huweza kubaki. Sehemu zenye kromi kidogo ndizo huliwa kwanza. Ikichongwa kwa mashine kutoka kipande cha kiwandani, vitundu huwa vichache. Unga wake ukiyeyushwa kwa leza tabaka kwa tabaka hupoa haraka na chembe zake huwa ndogo, ila uso hubaki na mikwaruzo. Kwa njia zote, uso usiong'arishwa vizuri huliwa kwa urahisi zaidi na kuachia ioni za metali kinywani.

Mwisho wa maisha

Mwaka 1920 Haynes aliiuza kampuni ya Stellite kwa Union Carbide. Kampuni yake ya magari ilifilisika mwaka 1924, naye akafariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 67. Magari yake yalikoma kutengenezwa; aloi zake zinaendelea.