Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyefundisha kwa Maswali

Kila mwaka katika jarida letu huwa tunaleta maisha ya mmoja wa wanazuoni wa Kiislamu. Safari hii tumemchagua Abu Rayhan Al-Biruni (Allah amrehemu), na sababu tunaisema wazi. Vijana wetu wa hapa Mpwapwa, ambao asubuhi wako shule na alasiri wako madrasa, wanaikimbia sayansi. Wanahifadhi kanuni bila kujua zimetoka wapi. Wakifika kidato cha tatu fizikia wanaiacha, na hesabu wanaivumilia tu. Wasichana ndio zaidi.

Al-Biruni alizaliwa mwaka 362 Hijria (973 Miladia) karibu na mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambao leo uko Uzbekistan. Alisomeshwa na Abu Nasr Mansur, bingwa wa hesabu, ambaye hata mwanafunzi wake alipokwisha kuwa mtu mzima aliendelea kumwandikia vitabu. Mwaka 995 vita vilimtoa kwao. Mwaka 1017 Sultani Mahmud akamchukua hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Baadaye akajifunza Kisanskriti na kuandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi.

Linalotuhusu zaidi ni kitabu chake At-Tafhim cha mwaka 420 Hijria (1029 Miladia). Alimwandikia mwanafunzi wa kike, Rayhana binti Al-Hasan. Wazazi wenye mabinti walitazame hilo. Kitabu kizima ni maswali na majibu, zaidi ya 500, mengi mafupi. Kinaanza na jiometri, kinafuata na hesabu, ndipo kinapanda kwenye sayari na nyota. Tena katika jiometri hakuanza na nukta, kama vitabu vingi vya shule. Alianza na kitu kizima kinachoshikika kwa mkono, akaenda kwenye uso wake, kisha mstari, na nukta ikaja mwisho. (Sehemu ya mwisho ni ya unajimu wa kutabiri, ambao sisi hatuufundishi, na yeye mwenyewe hakuonyesha kuuamini sana.)

Nasi tumeijaribu njia hiyo. Badala ya kueleza nyakati za Adhuhuri na Alasiri ubaoni, tulisimamisha kijiti uwanjani, watoto wakapima kivuli. Mmoja akauliza kwa nini mwezi wa Juni kivuli cha mchana kinaelekea kusini na Desemba kinaelekea kaskazini. Zamani tungemwambia anyamaze. Siku ile tuliomba tumjibu kesho yake, tukaenda kusoma.

Al-Biruni naye aliandika kitabu kizima juu ya vivuli na nyakati za sala, na kingine, alichokimaliza mwaka 1025, cha kutafuta kibla cha Ghazna kwa hesabu. Huko Nandana, katika Pakistan ya leo, alipima urefu wa mlima, akapanda juu yake, akapima pembe ya upeo wa macho, na kwa hayo akakadiria ukubwa wa dunia.

Wengi wanasema alifariki mwaka 440 Hijria (1048 Miladia). Wanasimulia kwamba faqihi mmoja alikwenda kumtazama akiwa mahututi. Al-Biruni akamuuliza mas-ala ya mirathi ya bibi wa upande wa mama. Mgeni alimhurumia, akaona si wakati wake. Mgonjwa akashikilia kwamba ni heri kuiaga dunia akiijua mas-ala hiyo kuliko kuiaga bila kuijua. Basi akaelezwa, akairudia mpaka akaihifadhi. Faqihi akaaga, na akiwa bado njiani akasikia vilio kutoka nyumba ile.