Uday Shankar: Sifa Kwanza, Mafunzo Baadaye

Vijana wetu wa sanaa hualikwa ng'ambo wakae majuma au miezi na wachezaji wa mataifa mengine, wabuni ngoma pamoja. Huchukuliwa kwamba kila mwalikwa anacho cha kwao cha kutoa. Uday Shankar, Mhindi aliyezaliwa Udaipur mwaka 1900, alivuma kabla ya kuwa nacho.

Alikwenda London mwaka 1920 kusomea uchoraji. Huko alikutana na Anna Pavlova, Mrusi aliyesifika duniani kwa densi ya baleti, aliyetaka kuonyesha mambo ya Kihindi jukwaani. Mwaka 1923 Shankar alimtungia michezo miwili, mmoja wa harusi ya Kihindu na mwingine wa Radha na Krishna, na huu wa pili wakaucheza pamoja. Walakini kijana huyu hakuwa amesomea mtindo wowote wa jadi wa ngoma za kwao. Alitegemea aliyoyaona utotoni na jicho la mchoraji. Sisi wa isimu tunamfahamu mtu wa namna hii: ameinasa lafudhi barabara, hata wageni wakamkabidhi darasa, ilhali sarufi hajaigusa.

Simlaumu kwa kuanza hivyo. Namsifu kwa kuliona pengo. Mwaka 1930 alirejea India pamoja na Alice Boner, mchongaji sanamu wa Uswisi, wakazunguka wakitazama ngoma na mahekalu. Baadaye alijiweka chini ya Sankaran Namboodiri, bingwa wa kathakali. Kundi lake, ambamo mdogo wake Ravi alikuwa angali mtoto, lilianza maonyesho Paris mwaka 1931.

Mwaka 1936 kundi hilo lilikaa miezi kadhaa Dartington Hall, Uingereza, walikokuwa Kurt Jooss wa Ujerumani na Michael Chekhov wa Urusi. Maisha hayo ya kukaa na kubuni pamoja ndiyo aliyotaka kuyapeleka kwao, nao wenyeji wake, akina Elmhirst, wakamsaidia kwa fedha. Kituo kikaanzishwa Almora, katika milima ya Himalaya, mwaka 1938. Namboodiri alifundisha kathakali, Kandappa Pillai bharatanatyam, Amobi Singh manipuri, naye Allauddin Khan muziki. Mafundi wa pembe mbalimbali za India, ambao pengine wasingeonana maishani, wakawa majirani. Kwangu mimi hili linayapita makofi yote ya Paris, maana hapo Wahindi walianza kubadilishana wao kwa wao.

Kituo hakikudumu. Vita Vikuu vya Pili vikiendelea, fedha zikapungua, kikafungwa. Waliopitia humo wakatawanyika, miongoni mwao Guru Dutt, aliyekuja kuwa mwongozaji filamu mashuhuri. Shankar mwenyewe akaitia ndoto yake katika filamu, Kalpana, ya mwaka 1948, kisa cha mchezaji anayetaka kujenga kituo kama kile. Watazamaji hawakuimiminikia. Alifariki Calcutta mwaka 1977. Filamu hiyo ilikarabatiwa, ikaonyeshwa Cannes mwaka 2012.