Kodály: Msomi aliyeoanisha isimu na muziki

ZOLTÁN Kodály alipojiunga na Chuo Kikuu cha Budapest mwaka 1900, alijisajili kusomea lugha za Kihungaria na Kijerumani. Wakati uo huo alikuwa mwanafunzi wa utunzi katika Chuo cha Muziki jijini humo. Wahenga walionya kwamba mshika mawili moja humponyoka. Yeye hakuponyokwa na lolote.

Alizaliwa Desemba 16, 1882 mjini Kecskemét, mwana wa mfanyakazi wa reli. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Galánta, na ni huko alikorejea mwaka 1905 kukusanya nyimbo za wanakijiji. Mwaka uliofuata alitunukiwa shahada ya uzamifu kwa tasnifu kuhusu muundo wa beti za nyimbo hizo. Mwanaisimu ndani yake alijua kwamba mkazo wa Kihungaria huangukia silabi ya kwanza ya neno. Mwanamuziki akang'amua kwa nini tuni zilizoigwa kutoka Ujerumani zilikwaruza masikio ya wakulima.

Rafiki yake Béla Bartók, mpiga piano hodari, alivutwa na utafiti huo. Mwaka 1906 walichapisha pamoja nyimbo 20, kisha wakazunguka vijijini na fonografu.

Kodály alianza kufundisha katika Chuo cha Muziki mwaka 1907. Siasa nusura zimzamishe. Baada ya serikali ya kikomunisti kuporomoka mwaka 1919, aliandamwa kwa kuwa naibu mkurugenzi wa chuo enzi hiyo, akatengwa na darasa kwa muda. Kilichomrejeshea hadhi ni Psalmus Hungaricus ya 1923, iliyotungwa kuadhimisha miaka 50 ya muungano wa miji ya Buda na Pest.

Hapo angeweza kutulia na sifa zake. Badala yake aligeukia watoto, kwani aliamini chuo hakiwezi kukuza kipaji ambacho shule ya msingi imekiua. Alihimiza kuimba kabla ya kushika ala, kwa do-re-mi ile ile inayofahamika na wanakwaya wetu, na nyimbo za lugha ya mama zikitangulia. Mwaka 1950 shule ya msingi iliyofunza muziki kila siku ilianzishwa Kecskemét.

Alifariki Budapest Machi 6, 1967, akiwa na umri wa miaka 84. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Kecskemét mwaka 1975 kufunza walimu wa muziki.