Mama Marie Van Brittan Brown, muuguzi mwenye alitaka kuona kwanza kabla ya kufungua mlango

Siku hizi ukipita Luano, kutoka upande wa uwanja wa ndege mpaka ndani ya zile barabara ndogo za udongo, utaona juu ya ukuta wa lupango fulani jicho dogo, jeupe au jeusi, lenye kuangalia mlango mkubwa. Ni kamera. Ndugu msikilizaji, wengi wanafikiri hii ni kitu ya juzi tu, imekuja pamoja na simu za kisasa. Kumbe wazo la kuweka kamera kwenye mlango wa mtu wa kawaida liko na karibu miaka 60, na halikutoka kwa mwanajeshi wala kwa kampuni kubwa. Lilitoka kwa mama mmoja Mweusi, muuguzi, mwenye alikuwa anabaki peke yake usiku na alikuwa anaogopa.

Jina lake ni Marie Van Brittan. Alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1922 katika Jamaica. Si kile kisiwa cha muziki wa rege, hapana. Jamaica hii ni mtaa wa Queens, upande mmoja wa mji wa New York kule Marekani. Alikulia pale, aliolewa, na maisha yake yote yalibaki Queens. Bwana wake, Albert Brown, alikuwa fundi wa vyombo vya elektroniki. Walizaa watoto wawili.

Kazi ya uuguzi haina saa. Kila mtu mwenye iko na dada au mke anayefanya zamu ya usiku pale Sendwe anajua: leo unalala mchana, kesho unatoka asubuhi, kesho kutwa unarudi giza limeshaingia. Mama Marie aliishi hivyo, na Albert naye kazi yake haikuwa na saa za kawaida. Mara nyingi mmoja anaingia, mwingine anatoka. Ndiyo maana kulikuwa na usiku mwingi ambao Marie alikuwa peke yake ndani ya nyumba, na mtu anagonga mlango.

Mtu akigonga usiku, unafanya nini? Ukikaa kimya, pengine ni jirani mwenye mtoto mgonjwa, anakuja kwako kwa sababu anajua wewe ni muuguzi. Ukienda kuuliza ni nani, tayari umeshasogea mlangoni, na yule wa nje amesikia miguu yako na amejua uko peke yako. Kile kitundu cha mlango cha kuchungulia kilikuwako zamani, lakini nacho kinakulazimisha kuweka jicho lako palepale mlangoni, sentimeta chache tu na mtu usiyemjua. Shida ya Mama Marie ilikuwa hiyo. Kila njia ya kumjua mgeni ilimpeleka karibu na mgeni.

Na wakati ule haukuwa mzuri. Wizi na mashambulizi vilikuwa vinaongezeka New York katika miaka ya 1960. Mwezi wa 3 mwaka 1964, palepale Queens, katika mtaa wa Kew Gardens ambao hauko mbali na Jamaica, msichana aitwaye Kitty Genovese aliuawa usiku akirudi nyumbani kutoka kazini. Magazeti yaliandika kwamba watu 38 waliona na hawakufanya kitu. Baadaye ilijulikana kwamba hesabu ile ilitiwa chumvi, lakini hofu ilikuwa imeshaingia ndani ya nyumba za watu. Tena, kuita polisi haikuwa rahisi kama leo. Ile namba fupi ya 911, yenye watu wanaisikia kwenye filamu, ilianza New York tarehe 1 Julai 1968. Kabla ya hapo, mtu mwenye hofu alipaswa kutafuta namba ndefu au kuomba opereta amuunganishe, halafu asubiri. Na katika mitaa ya Weusi, polisi walijulikana kwa kuchelewa.

Basi Marie na Albert walikaa chini na kufikiri. Yeye alileta swali, bwana alileta ujuzi wa waya na mawimbi, hivyo ndivyo watu wanavyopenda kusimulia. Lakini kwenye karatasi yenyewe jina la mama ndilo la kwanza, na la bwana linafuata. Kwa mwaka ule, na kwa mwanamke Mweusi, hilo si jambo dogo.

Mashine yenyewe inafaa kuelezwa polepole, juu ya kila kipande kinajibu hofu fulani.

Kwanza, kwenye mlango walitia vitundu vinne, kimoja juu ya kingine. Cha juu kabisa ni cha mtu mrefu, cha chini kabisa ni cha mtoto, na viwili vya katikati ni kwa wengine. Nyuma ya vitundu hivyo, upande wa ndani, kuko sanduku lenye kamera ya televisheni. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na za bei kali, kununua nne haikuwezekana. Ndiyo maana walipanga kamera moja tu yenye kupanda na kushuka kwa mota, ikitoka kitundu kimoja kwenda kingine mpaka ikutane na uso wa mgeni.

Pili, picha haikubaki mlangoni. Ilitumwa kwa mawimbi, kama radio inavyotuma sauti, mpaka kwenye televisheni yenye kuwekwa chumba cha kulala. Mama anaweza kubaki kitandani na kuona nani amesimama nje, na kuamrisha kamera ipande au ishuke. Tatu, kulikuwa na kipaza sauti huku na huku: anauliza, mgeni anajibu, na yule wa nje hajui sauti inatoka chumba gani. Nne, mkononi mwake kuko vifungo. Akimjua mgeni, anabonyeza kimoja, na mlango unafunguka wenyewe kwa umeme. Akiona hatari, anabonyeza kingine, na alama ya kuomba msaada inakwenda kwa polisi au kwa walinzi.

Kuona, kuuliza, kisha kufungua au kuita watu. Mpango ulikuwa huo, na kila hatua anaifanya akiwa mbali na mlango.

Bon, kuwa wakweli: Mama Marie hakuwa wa kwanza kuunganisha kamera na televisheni kwa waya ili kuangalia kitu kutoka mbali. Mwaka 1942, wakati wa vita, Mjerumani Walter Bruch aliweka kamera kule Peenemünde ili wahandisi waangalie roketi zikiruka bila wao kulipuka nazo. Baada ya vita, kamera kama zile ziliingia viwandani na kwenye mabenki. Lakini zote zilikuwa za mwenye nguvu anayeangalia mali yake au wafanyakazi wake. Huyu mama aliigeuza. Mwenye kuangalia sasa ni mtu dhaifu, aliye ndani, na anayeangaliwa ni yule tu aliyekuja mwenyewe kugonga mlango. Kamera yake haikutazama barabara wala lupango la jirani. Ilitazama kizingiti.

Tarehe 1 Agosti 1966 Marie na Albert walipeleka maombi yao kwa serikali ya Marekani ili uvumbuzi wao ulindwe kwa hataza, ile karatasi ambayo wasomi wetu wa Kifaransa wanaita brevet. Wazee wa hapa watakumbuka mwaka ule kwa jambo lingine: ni mwaka ambao Elisabethville iliacha jina la malkia wa Wabelgiji na kuitwa Lubumbashi. Jibu la serikali ya Marekani lilichukua zaidi ya miaka mitatu. Hataza ilitoka tarehe 2 Desemba 1969, namba 3,482,037. Siku nne baadaye gazeti la New York Times liliandika habari yao. Mama Marie alikuwa na miaka 47. Alipewa pia tuzo ya kamati moja ya wanasayansi.

Hapa hadithi ingeweza kugeuka kuwa ya utajiri, lakini haikuwa hivyo. Nyumba zenye mashine kamili, kama ilivyochorwa kwenye ile karatasi, hazikujaa Amerika. Bei ilikuwa kizuizi: kamera, mota, televisheni ya pili, kufuli la umeme, yote kwa nyumba moja. Familia ya kawaida kule Queens haikuweza, na hao ndio waliokuwa na shida. Hataza ya wakati ule iliishi miaka 17 tangu kutolewa, maana yake ulinzi wa wazo lao ulikwisha mwishoni mwa 1986. Kamera za bei nafuu zilianza kujaa kwenye milango ya watu baada ya hapo. Sheria ndiyo ilikuwa hivyo, hakuna aliyewaibia; lakini inauma kidogo ukihesabu.

Kwa mtu wa Luano anayetaka kufunga kamera kwake, ile karatasi ya 1969 bado iko na faida kuliko matangazo mengi. Tuchukue vile vitundu vinne. Vilikuwako ili uso uonekane. Hapa kwetu fundi anapanda ngazi, anafunga kamera juu kabisa ya ukuta, pembeni, ili mwizi asiifikie. Sawa, mwizi hataifikia, lakini kamera nayo itaona kofia tu. Asubuhi familia yote inakaa mbele ya simu, inaangalia kofia ikibeba televisheni. Kamera ya juu ionyeshe uwanja, sawa, lakini nyingine ndogo iwe karibu na urefu wa uso, pale mtu anaposimama kugonga, na isitazame jua la asubuhi wala taa kali, kwa sababu uso utakuwa mweusi tu.

Kisha kuko shida ya umeme. Mashine ya Mama Marie ilitegemea umeme wa Queens, wenye kukatika mara chache. Hapa SNEL inapokata, kamera inafunga jicho saa ileile ambayo mwizi anapenda. Wengine wanaweka betri au sola kwa kamera na wanasahau kile kisanduku cha intaneti. Kamera iko macho, lakini simu haipokei kitu. Vyote viwili viwe kwenye betri, na kadi ya memori iwe ndani ya kamera ili picha ibaki hata mtandao ukikosa. Na namba ya siri yenye kutoka kiwandani ibadilishwe siku ileile ya kufunga. Fundi asibaki nayo. Mtu mwenye kuijua anaweza kukuangalia wewe, na kujua saa gani lupango liko tupu.

Lakini kile kifungo cha mwisho, cha kuita msaada, ndicho watu wanakiruka. Mama Marie hakukubali kwamba kuona kunatosha. Alijua alama ya hatari bila mtu wa kuipokea ni kelele tu ndani ya chumba. Hapa simu inalia saa 8 usiku, unaona watu watatu wanaruka ukuta, halafu? Kama haijapangwa mapema nani anapigiwa, sentineli wa upande gani anapiga firimbi, jirani gani anawasha taa na kugonga sufuria, basi utakuwa umelipa pesa ili uangalie wizi wako moja kwa moja. Mtu wa lupango lisilo na kamera lakini lenye namba za majirani kumi analala vizuri zaidi. Na jirani huyo hatasaidia kwa moyo kama kamera yako inamchungulia bafuni kwake. Igeuzwe itazame mlango wako.

Mama Marie aliendelea kuishi Queens. Hakufungua kampuni kubwa, hakuwa uso wa matangazo, na kwa miaka mingi wanaotengeneza kamera za nyumba walifanya kazi bila umma kujua jina lake. Lakini wahandisi walimjua kwa njia yao: mwenye kuomba hataza mpya hutajiwa kazi zilizomtangulia, na karatasi ya Marie na Albert imetajwa katika hataza zaidi ya 30 zilizokuja nyuma. Binti yake alifuata njia zote mbili za mama: alikuwa muuguzi, na alikuwa mvumbuzi.

Alikufa tarehe 2 Februari 1999, palepale Queens, akiwa na miaka 76. Simu zenye kuonyesha mlango wa nyumbani mtu akiwa sokoni au safarini hazikuwa zimefika. Zilipofika, zilikuja na picha, na sauti huku na huku, na kifungo cha kufungua mlango kutoka mbali.