Lewis Carroll: mwalimu mwenye kigugumizi aliyegeuza herufi kuwa mchezo

BUKAVU – Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, wakaaji wa Bukavu waliosoma kwa Kifaransa wamepata sababu moja zaidi ya kujifunza Kiingereza. Wengi wanasema sarufi si mzigo mkubwa. Kinachowasumbua ni maneno. Zaidi ya miaka 140 iliyopita, Mwingereza mmoja alitunga mchezo wa kutafuta maneno hayo kichwani, bila kifaa chochote. Dunia inamfahamu kwa kitabu cha watoto, lakini maisha yake yote aliyapitisha akichezea herufi.

Jina lake halisi ni Charles Lutwidge Dodgson. Alizaliwa tarehe 27 mwezi wa kwanza mwaka wa 1832 huko Daresbury, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Katika watoto 11 wa nyumba hiyo, yeye alikuwa wa tatu, na mvulana wa kwanza. Tangu utoto alikuwa na kigugumizi, ambacho kiliwapata pia ndugu zake kadhaa. Lakini mkononi alikuwa mwepesi: aliwaandikia wadogo zake magazeti ya nyumbani yenye mashairi, michoro na mafumbo.

Jina lililozaliwa na mchezo

Mwaka wa 1851 aliingia chuo cha Christ Church, katika mji wa Oxford. Siku chache tu baada ya kufika, mama yake alifariki. Alibaki katika chuo hicho mpaka mwisho wa maisha yake, na kuanzia mwaka wa 1855 hadi 1881 alifundisha hesabu. Mwaka wa 1861 alifanywa shemasi, lakini hakuendelea hadi kuwa kasisi. Wachunguzi wengi wanataja kigugumizi kati ya sababu zake.

Mwaka wa 1856 alihitaji jina la kuandikia. Alichukua majina yake mawili ya kwanza, Charles na Lutwidge, akayapeleka katika Kilatini, akayapindua, kisha akayarudisha katika Kiingereza. Ndipo likatoka jina Lewis Carroll.

Tarehe 4 mwezi wa saba mwaka wa 1862, akiwa katika mtumbwi pamoja na rafiki yake na wasichana watatu wa mkuu wa chuo, alisimulia hadithi ya msichana aliyeanguka katika shimo la sungura. Mmoja wa wasichana hao, Alice Liddell, alimwomba aiandike. Kitabu kilitoka mwaka wa 1865 na kikamletea sifa kubwa. Urafiki wake na watoto, pamoja na picha alizowapiga, bado vinaleta mabishano kati ya wanaochunguza maisha yake.

Tafuta neno lenye herufi hizi

Sikukuu ya Noeli ya mwaka wa 1877, alitunga mchezo kwa ajili ya wasichana wawili waliokuwa hawana la kufanya. Mchezaji anapewa maneno mawili, naye anatoka kwa moja kufika kwa lingine akibadilisha herufi moja kila hatua, na kila hatua iwe neno la kweli. Kutoka head, yaani kichwa, mtu anapita heal, teal, tell na tall, mpaka anafika tail, yaani mkia. Mwaka wa 1879, gazeti Vanity Fair la London liliuchapisha, na wasomaji wakashindana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 akatoa mchezo mwingine, Mischmasch, jina alilolitumia zamani kwa gazeti moja la nyumbani. Mchezaji mmoja anataja herufi mbili au zaidi zinazofuatana. Mwenzake anatafuta neno lenye herufi hizo katika mpangilio huohuo. Ukipewa g na p, unaweza kujibu magpie, ndege wa jamii ya kunguru. Ukipewa i, m, s na e, jibu ni himself, yaani yeye mwenyewe.

Sheria mbili ndizo zinaupa mchezo utamu. Ya kwanza: neno liwe linalojulikana na watu wa kawaida, tena lisiwe jina la mtu wala la mahali. Ya pili: mtu anaweza kutoa herufi bila yeye mwenyewe kujua neno lolote lenye herufi hizo, na mwenzake anaruhusiwa kusema kwamba hakuna neno kama hilo. Kwa hiyo wote wawili wanatafuta, na wote wawili wanaweza kushindwa.

Hata Kiswahili kinaukubali. Mtu akikupa b na d, ukisema labda, umepata. Ukisema Abdallah, umekosa, kwa sababu ni jina la mtu.

Mwaka wa 1880 aliandika pia katika daftari lake wazo la kusogeza herufi juu ya ubao wa chesi mpaka zifanye maneno. Mchezo wa Scrabble ulikuja kuuzwa kwa jina hilo mwaka wa 1948, kutoka Marekani.

Alichokiacha

Lewis Carroll alifariki kwa nimonia tarehe 14 mwezi wa kwanza mwaka wa 1898 huko Guildford, akibakiza wiki mbili kutimiza miaka 66. Hakuoa. Hadithi yake ilifika katika Kiswahili mwaka wa 1940, kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na tafsiri nyingine ikatoka mwaka wa 2015.

Leo kompyuta inatoa kwa nukta moja maneno yote yenye herufi unazozitaka. Lakini orodha hiyo haibaki kichwani. Neno ulilolitafuta mwenyewe dakika mbili, ukalikosa, kisha mwenzako akakutajia, hilo halisahauliki upesi. Kwa mwanafunzi wa Bukavu, hata siku umeme umekatika, kaye, biki na rafiki mmoja vinatosha.